Spinabeti katika mashindano ya besi: anza na bapa, rangi iache mwisho

Mtu asiyeijua spinabeti akiishika mkononi, hataamini kwamba samaki mwenye akili zake anaweza kuisogelea. Ni chambo bandia cha waya iliyopindwa kama herufi V. Mkono wa chini una kichwa cha risasi, ndoano moja kubwa, na sketi ya nyuzi za silikoni inayoifunika ndoano hiyo. Mkono wa juu umebeba bapa moja au mawili ya chuma yanayozunguka. Hakuna kiumbe cha majini chenye umbo hilo. Lakini ivute majini: waya inapotea machoni, sketi inajikunja na kujikunjua, mabapa yanametameta na kutetemesha maji, na besi, samaki mwindaji wa maji matamu, aliyejificha kando ya kisiki anaona kitu kinachokimbia na kinachofaa kuliwa kabla hakijatoweka.

Ugumu huanza pale mvuvi anapotaka kununua moja. Ukutani zimetundikwa za kila namna: nzito na nyepesi, za bapa moja na za mabapa mawili, za dhahabu na za fedha, na sketi za rangi zisizohesabika. Wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayovutia jicho, jicho la mvuvi zaidi kuliko la samaki. Mimi ningeanza upande wa pili kabisa. Bapa ndilo linaloamua spinabeti itakimbia kwa kasi gani na katika kina gani, uzito unafuata bapa, na rangi inakuja mwisho kabisa. Ukilishika hilo, ukuta mzima unapungua na kubaki na spinabeti tano au sita.

Kwanza tuone kwa nini wavuvi wa mashindano wanaipenda hivyo. Mashindano ya kisasa ya besi yalianza mwaka 1967, Ray Scott alipowakusanya wavuvi katika ziwa la Beaver, Arkansas. Kutokana na hapo kikazaliwa chama cha wavuvi wa besi, B.A.S.S., na mwaka 1971 likafanyika kwa mara ya kwanza shindano lake kuu, Bassmaster Classic, katika ziwa Mead, Nevada. Mshindi alikuwa Bobby Murray, na spinabeti ilikuwa miongoni mwa vyambo vyake. Kanuni za msingi ni rahisi: chambo bandia tu, fimbo moja kwa wakati mmoja, na jioni unapeleka kwenye mizani samaki wasiozidi watano waliofikia urefu uliowekwa. Samaki wanapimwa wakiwa hai kisha wanarudishwa majini, na aliyekufa hukukata uzito. Kuchelewa kurudi kunakatwa pia.

Kwa hiyo mshindani ana saa chache, ziwa lenye maelfu ya ekari, na samaki watano tu wa kuwatafuta. Anachokihitaji asubuhi ni chambo cha kupekulia maji, kitakachopita juu ya magugu, katikati ya visiki na chini ya magati bila kunasa kila mara, na kitakachomtoa besi aliye tayari kula bila kumsubiri. Spinabeti imeundwa kwa kazi hiyo hasa. Ile V ya waya inatangulia mbele ya ndoano na kugonga mti kwanza, kwa hiyo ncha ya ndoano inapita salama mahali ambapo chambo chenye ndoano za matawi matatu kingenasa mara ya kwanza tu.

Sasa mabapa. Yako ya maumbo mengi, lakini matatu yanatosha kuyaelewa mengine yote. La Colorado ni la mviringo, karibu kama kijiko kisicho na mpini. Likizunguka linafungua duara pana na kusukuma maji mengi, kwa hiyo mtetemo wake ni mzito, unaousikia hadi kwenye kiganja kilichoshika fimbo. La wilo ni refu na jembamba, limechongoka ncha zote mbili kama jani. Linazunguka karibu na mhimili wake, linakata maji bila kuyasukuma sana, na kazi yake kubwa ni kumetameta: linatoa mwanga unaokatika katika haraka, kama samaki wadogo wanaogeuka pamoja. La Indiana, lenye umbo la tone la maji, liko katikati ya hayo mawili kwa kila kitu.

Wengi wanaishia hapo: Colorado kwa mtetemo, wilo kwa mwanga. Ni kweli, ila jambo lenye uzito zaidi limebaki nje. Bapa linalosukuma maji mengi linainua chambo. Chukua spinabeti mbili za nusu aunsi, yaani gramu 14 hivi, moja yenye bapa kubwa la Colorado na nyingine yenye mabapa mawili ya wilo. Zirushe mahali pamoja, uzivute kwa kasi ileile. Ya Colorado itapanda juu, ya wilo itabaki chini. Ukitaka ya Colorado ikae chini kama mwenzake, itabidi uvute polepole zaidi au uongeze risasi. Ukitaka kuvuta mbio sana bila chambo kuchomoza juu ya maji, unahitaji wilo, tena wakati mwingine wilo ndogo kwenye kichwa kizito. Bapa, uzito na kasi vinavutana. Ukigusa kimoja umevigusa vyote vitatu. Anayelalamika kwamba spinabeti yake haishuki mara nyingi ana risasi ya kutosha. Kilichozidi ni bapa.

Ndiyo maana swali la kwanza ninalouliza mbele ya maji ni hili: leo samaki wanataka kitu kinachokwenda kasi gani? Jibu linatokana na joto la maji na uangavu wake.

Besi ni mnyama wa damu baridi. Maji yakiwa na nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, hana nguvu za kukimbizana. Hapo unataka kitu kinachotambaa, na bapa litakaloendelea kuzunguka hata ukivuta taratibu, ambalo ni Colorado. Maji yakipata joto, mbio zinaruhusiwa, na wilo inachukua zamu. Uangavu unafanya kazi vivyo hivyo. Katika maji ya tope, ambamo huoni chambo kikishazama futi moja, besi anategemea zaidi mstari wake wa ubavuni, mlolongo wa vinyweleo vya hisia uliopita ubavuni mwake na unaonasa mtikisiko wa maji yaliyo karibu. Mtetemo wa Colorado unamfikia kabla jicho halijaona kitu. Katika maji maangavu mambo yanageuka: anaona mbali, anapata nafasi ya kukichunguza chambo, na ukimpa muda mwingi wa kuchunguza atagundua kwamba ni waya na risasi. Kwa hiyo unamnyima muda. Unavuta mbio.

Hilo la mwisho ni gumu kuliamini mpaka ulione. Kwenye maji maangavu ya kaskazini mwa Marekani, kama ziwa St. Clair na mto St. Lawrence, besi wa mdomo mdogo wanajulikana kwa kupanda kutoka kina cha futi kumi na zaidi kufukuza spinabeti ya wilo mbili inayokimbizwa chini kidogo tu ya uso wa maji. Ukipunguza mwendo ili umsubiri, anageuka na kuondoka. Ukiongeza mwendo anakasirika. Kevin VanDam, mshindi wa Bassmaster Classic mara nne, alijijengea jina kwa uvuvi wa mbio wa namna hii, na mtu akimtazama akivuta anaweza kudhani kwamba jamaa anakimbilia kurudi nyumbani.

Mpangilio wa kawaida madukani, bapa dogo la Colorado mbele na wilo kubwa nyuma, ni suluhu kati ya pande hizo mbili: mtetemo kidogo, mwanga mwingi, kina cha wastani. Kwa maji yenye ukungu kidogo, ambayo huyaoni vizuri lakini si tope, hakuna wa kushindana nao. Ukiambiwa uchague moja tu ya kwenda nayo kwenye ziwa usilolijua, chukua hiyo, yenye uzito wa nusu aunsi. Ile ya robo aunsi inafaa kwa maji mafupi sana na siku ambazo shadi ni wadogo. Ya robo tatu au aunsi nzima ni ya kuviringisha chini kabisa, kwenye kingo zenye kina cha futi kumi na tano au ishirini, ambako wavuvi wengi hawafikirii kabisa kupeleka spinabeti.

Nimetaja shadi. Hao ni samaki wadogo wa rangi ya fedha wa jamii ya heringi, na katika mabwawa ya kusini na katikati mwa Marekani ndio chakula kikuu cha besi. Wakati wao wa kutaga mayai, maji yakikaribia nyuzi 20, shadi hujazana alfajiri kwenye kingo ngumu: mawe, magati yanayoelea, mizizi, magugu ya pembeni. Wanaruka na kukwaruza ukingo, na besi wako nyuma yao. Hapo spinabeti nyeupe ya wilo mbili, ikivutwa sambamba na ukingo, inaweza kukupa samaki watano kabla kifungua kinywa hakijashuka tumboni. Kisha jua linapanda, shadi wanatawanyika, na mchezo umekwisha. Anayefika saa tatu asubuhi ataapa kwamba hapo hapana samaki. Majira ya vuli shadi wanaingia ndani ya vijito vinavyolisha bwawa, besi wanawafuata, na spinabeti inarudi kazini kutwa nzima.

Kati ya yote haya, rafiki mkubwa wa spinabeti ni upepo. Upepo unavunja uso wa maji, mwanga hauingii moja kwa moja, na samaki haoni waya wala mshipi kwa uwazi. Pia unasukuma vijimea na vijidudu vinavyoelea kuelekea ukingo mmoja, shadi wanavifuata, na besi wanajipanga kuwasubiri. Wengi wanakimbilia upande uliotulia ili boti isiyumbe. Mvuvi wa mashindano anageuza pua ya boti kuelekea kule mawimbi yanakopiga mawe. Ni kazi, unalowa, na kuishikilia boti mahali pake kunachosha, lakini huko ndiko mizani inakojaa.

Tuje kwenye kuvuta. Kurusha na kuzungusha rili moja kwa moja kunakamata samaki, sikatai. Lakini samaki wengi wakubwa wanakuja pale chambo kinapobadilisha tabia ghafla, na badiliko zuri kuliko yote ni kugonga kitu. Usirushe pembeni mwa kisiki. Rusha mbele yake, kisha uivute spinabeti mpaka ikigonge. Inapogonga inayumba ubavu, mabapa yanakatika mdundo kwa nukta moja, sketi inafumuka, halafu inajirekebisha na kuendelea. Besi aliyekuwa akiitazama tu anaruka juu yake hapohapo. Pasipo na visiki, badiliko hilo unalitengeneza mwenyewe: gusa ncha ya fimbo kidogo, au simamisha rili nusu sekunde kisha uendelee.

Juu ya magugu, unavuta kwa kasi ya kufanya maji yavimbe juu ya chambo bila mabapa kutoboa uso. Kwenye ukingo unaoshuka ghafla, unaiacha ianguke kwa mshipi uliokazwa kidogo. Yenye bapa moja la Colorado huzungusha bapa hata inaposhuka, na samaki huichukua njiani, mara nyingi bila mtikisiko wowote unaousikia zaidi ya mshipi kwenda upande. Usiku wa kiangazi, katika mabwawa maangavu ambako besi wanakataa kula mchana, watu wanatumia nyeusi tupu yenye bapa moja kubwa la Colorado. Mweusi usiku unamshangaza mgeni, lakini samaki anaangalia kutoka chini kwenda juu, na kitu cheusi ndicho kinachojichora vizuri dhidi ya anga.

Kuna mambo madogo ya ufundi yanayoamua kama samaki atafika kwenye boti. Itazame waya kabla ya kurusha. Ukiiangalia kutoka mbele, mkono wa juu unatakiwa usimame sawasawa na ndoano, mstari mmoja bila kupinda kushoto wala kulia. Ukipinda hata kidogo, spinabeti italala ubavu ikivutwa mbio. Kila samaki mkubwa anaupindisha; kwa hiyo baada ya kila samaki unaunyoosha kwa vidole, unaivuta kando ya boti mita mbili tatu, na kama inalala kulia unasogeza mkono wa juu kushoto kidogo. Waya nyembamba inatetemeka vizuri zaidi na kubonyea haraka samaki anapouma, lakini inachoka na kukatika mapema kuliko nene. Ikianza kuwa laini mahali pa pindo, usiende nayo kwenye mashindano.

Kitanzi cha kufungia mshipi nacho kina hila yake. Spinabeti nyingi hazina tundu lililofungwa. Waya imepindwa tu kama herufi R, na fundo linakaa kwenye pindo hilo. Wakati wa kurusha, fundo likilegea linapanda juu ya mkono wa mabapa, na chambo kinarudi kikiwa kimejinyonga. Kipande kifupi cha mpira mwembamba wenye tundu, kikivishwa pale kwenye pindo, kinalizuia fundo lisitembee. Kulipa fundo mvuto mmoja kabla ya kila mrusho kunasaidia pia.

Ndoano ya ziada, ile inayovishwa kwenye ndoano kubwa na kufuata nyuma, huzua ubishi mwingi kuliko inavyostahili. Katika maji wazi, bila magugu, sioni sababu ya kutoitumia: besi anayeufukuza mwanga mara nyingi anauma mkia wa sketi tu, na samaki mmoja aliyeponyoka kati ya watano ni sehemu ya tano ya mzigo wako. Ivishe ncha ikielekea juu kama ile kubwa, uizuie na kipande cha mpira ili isichomoke. Kwenye magugu mazito iondoe, itakusanya takataka kuliko samaki.

Vifaa vyenyewe havihitaji maneno mengi. Fimbo ya futi saba hivi, yenye nguvu lakini ncha yake ikubali kupinda, kwa sababu fimbo ngumu kupita kiasi inamnyang'anya samaki chambo kabla hajafunga mdomo. Rili ya kasi ya wastani, kama 6.3 kwa 1 (mpini ukizunguka mara moja, kigurudumu cha mshipi kinazunguka mara 6.3), inakuruhusu kwenda mbio au taratibu. Kwa kukimbiza kwenye maji maangavu chukua 7 kwa 1 au zaidi. Mshipi wa fluorokaboni wa pauni 15 hadi 20 unatosha karibu kila mahali. Na samaki akiuma, usirushe mikono kwa pupa: endelea kuzungusha mpaka uzito wake ukae kwenye fimbo, kisha vuta kwa kufagia upande.

Rangi, basi. Nyeupe kwa siku za shadi, nyeupe iliyochanganywa na manjano-kijani kwa maji yenye ukungu, manjano-kijani zaidi kadiri tope linavyoongezeka, rangi zinazopitisha mwanga kwa maji maangavu, nyeusi usiku. Mabapa ya fedha kwa jua na maji safi, ya dhahabu kwa mawingu na maji yenye rangi ya chai, yaliyopakwa rangi kwa tope. Wapo watakaokuandikia kurasa kumi juu ya hili. Sijaona siku ambayo sketi sahihi iliokoa bapa lisilofaa.

Miaka ya karibuni jigi yenye kibati, yaani chambo cha ndoano yenye kichwa kizito kilichofungwa bamba la pembe sita mbele yake, imeichukulia spinabeti nafasi kubwa kwenye sitaha za boti za mashindano. Inatetemeka kwa nguvu, inapita vizuri kwenye magugu, na haijipindi baada ya kila samaki. Mahali penye majani tu, mara nyingi ndiyo bora. Lakini kwenye miti iliyozama, kwenye mawe yenye mawimbi, na kwa mwendo wa mbio katika maji maangavu, haiwezi kazi ya wilo mbili. Kuna faida nyingine ambayo wajanja wanaichukua kimyakimya: samaki wa ziwa linalovuliwa kila wiki wamekwisha kuzoea kibati, na spinabeti imekuwa tena kitu ambacho hawakioni kila siku.

Kisha kuna siku zake za kupumzishwa. Hewa baridi ikipita usiku na kuacha anga la buluu, maji yametulia kama kioo na jua kali, besi wanajibana kwenye kivuli na hawafukuzi kitu. Unaweza kuirusha mpaka bega lilie, utakachopata ni wanaokuja nyuma ya chambo na kugeuka kando ya boti. Hao usiwasahau. Besi aliyefuata amekuonyesha kisiki chake. Weka alama kwenye kifaa cha ramani, nenda zako, upige sehemu nyingine tatu, kisha baada ya nusu saa urudi polepole kutoka upande uleule aliotokea, na mnyoo wa plastiki uliofungwa kwenye fimbo nyingine.